Magoti Mazima

Sitasema alizaliwa wapi, kwa sababu sijui, na siku niliyomuuliza aliniuliza mimi nina haja nayo gani. Kabila lake pia watu wamelibahatisha sana. Walioona hapigi magoti walisema huyo ni wa pwani. Waliosikia Kisukuma chake walisema ni wa hapahapa, ila shule imemharibu. Mimi nitasema ninachokijua. Nyumba yake ya Runzewe, ile ya matofali ya kuchoma aliyoijenga pamoja na marehemu mume wake, ukoo wa mume ulimwambia itabaki kuwa yake akifanya jambo moja dogo: aje mbele ya wazee, apige magoti, aombe. Jambo dogo kweli. Mimi hapa napiga magoti kwa wakwe zangu kila nikienda kuwasalimia, na sijawahi kupungua kilo. Yeye alikataa. Tukakaa miezi tukisubiri kuona mwanamke mwenye mvi akitolewa vyombo nje.

Alinifundisha Historia shule ya msingi, kisha nikawa jirani yake mpaka nilipoolewa na kuhamia Isaka, ambako sasa nawapikia madereva wa malori. Kila mtu alimwita Mwalimu, hata mume wake, hata kina mama waliokuwa wakitoka Nkome na ndoo zao za dagaa. Nami nitamwita hivyohivyo.

Mada nyingine za Historia alizifundisha vizuri, lakini mbiombio, kama mtu anayewahi basi. Akifika kwa zamadamu, anakunja mikono ya blauzi. Hapo ujue hamtoki leo.

Sasa neno lenyewe, zamadamu, lilitupa shida. Nusu ya darasa letu walikuwa watoto wa wachimbaji. Nyumbani kwao neno kuzama lina maana moja tu: kushuka kwenye duara, yaani shimo la dhahabu. Mtihani ukauliza, zamadamu ni nani. Tukaandika bila wasiwasi wowote kwamba zamadamu ni mtu aliyezama duarani akatoka na damu. Wala hatukuibiana, kila mmoja alijibu kwa akili yake mwenyewe, na wengine wakaongeza mfano, wakamtaja mjomba wao. Mwalimu mkuu alitaka darasa zima lichapwe. Mwalimu akamwambia atachapa akimaliza kucheka, na hakumaliza. Baadaye akatueleza kwamba zama ni enzi, na hiyo damu ya mwishoni ni ya Adamu, ileile iliyo ndani ya neno binadamu, haimwagiki popote.

Mtu mwingine angeishia hapo. Yeye kesho yake alitupanga mstari akatupeleka machimboni, tena kwenye maduara yenyewe. Wanaume wa kule wana imani yao kwamba mwanamke akisogea karibu na shimo, dhahabu inakimbia. Mwenye duara akaja juu, akamwambia, mama, rudi na watoto wako, usituharibie kazi. Mwalimu akamuuliza hiyo dhahabu inakimbia kwa miguu miwili au minne, maana sisi tumekuja kwa ajili ya somo hilohilo. Wachimbaji wakacheka mpaka mwenye duara mwenyewe akakosa pa kushikia hasira yake. Tukabaki.

Akatokea mtu mmoja kutoka chini. Kule ndani njia ni nyembamba, wanatambaa, kwa hiyo alifika mdomoni mwa shimo kwa mikono na magoti. Akakaa hivyo kidogo. Akainua mkono mmoja akashika paja. Akainama, akashika kiuno, akajinyoosha polepole huku uso umejikunja kwa jua, mpaka akawa mrefu. Mwalimu alisubiri mpaka yule mtu alipokuwa wima kabisa.

"Mmeona," akatuambia. "Huyu anajua kwamba inawezekana, kwa sababu asubuhi alikuwa amesimama. Wa kwanza hakuwa na wa kumwambia kwamba inawezekana."

Akaongeza palepale kwamba haikuwa kazi ya asubuhi moja wala ya mtu mmoja, ilichukua vizazi na vizazi, mamilioni ya miaka. Lakini mimi kichwani alibaki yule mmoja. Mpaka leo nikisikia watu wanabishana habari za mtu wa kale, namwona mchimbaji wa Geita ameshika kiuno.

Kuhusu kwa nini walisimama, Mwalimu hakuwa na jibu moja, na alikuwa hana aibu kusema hivyo. Alisema wataalamu wenyewe wanavutana. Kuna wanaosema misitu ilipungua, ikawa lazima watembee kutoka mti hadi mti, na kwa mwendo mrefu miguu miwili inachosha kidogo kuliko minne. Wapo wa kuona mbali juu ya majani. Wapo wa jua, kwamba aliyesimama linampiga utosini tu, wala halimchomi mgongo mzima. Na wapo wa mikono, kwamba ukisimama mikono inakuwa huru, unabeba chakula, unabeba mtoto. Alitupa zote, akatuambia kila mtu achague na atetee. Kitu kimoja tu ndicho alichokisema kama anakipigilia msumari: walisimama kwanza, ubongo mkubwa ukaja baadaye sana. Hata zana za mawe zilikuja baadaye.

"Hawakusubiri wawe na akili ndipo wasimame," alikuwa anasema. "Na wewe usisubiri."

Maneno hayo aliyasema darasani, akayasema kwenye kikao cha wazazi, akamwambia na binti mmoja wa jirani aliyekuwa anapigwa na mume wake na anasema atafikiria kuondoka. Binti aliondoka wiki hiyohiyo. Mume akaja kumtukana Mwalimu mlangoni. Mwalimu alimsikiliza mpaka mwisho, akamuuliza kama amemaliza, akarudi kusonga ugali.

Goti alilipenda kuliko kiungo chochote. Alikuwa anajipiga paja darasani akituonyesha jinsi mfupa unavyoshuka ukiinama kuelekea ndani, ili goti likae chini ya mwili. Sokwe hana hilo, ndiyo maana akisimama anayumba kama mlevi. Nyayo za watu wa kale zilizokutwa Laetoli, kwenye majivu ya volkano, hakuwahi kuziona kwa macho. Basi alitupeleka kwenye majaruba ya mpunga, akatupitisha mmojammoja kwenye tope laini, kisha akapiga magoti humo ndani na gauni lake, akatuonyesha kisigino kilivyozama zaidi, kidole gumba kilivyolala sambamba na vingine. Mbuzi naye akapitishwa kwa nguvu, tulinganishe. Mwenye jaruba alipofika akakuta kitalu chake cha mpunga kimegeuka barabara. Alifoka, na haki alikuwa nayo. Mwalimu alishinda pale akipanda upya kwa mikono yake, nasi pamoja naye.

Nimesema alipiga magoti kwenye tope, na ndiyo, alipiga. Alipiga kupuliza moto, alipiga kupanda viazi, alipiga kanisani ibada nzima bila kuweka mto chini ya goti. Asichofanya ni kupiga magoti akisalimia mtu, awe nani. Huku kwetu mwanamke akimwamkia mkubwa anashuka chini, na akimpelekea mume chakula anashuka chini, ndiyo heshima tuliyolelewa nayo. Yeye alisema "mwangaluka" akiwa amesimama, kwa sauti nzuri, kichwa ameinamisha kidogo, basi. Katekista alimwuliza mbona kwa Mungu unapiga. Akajibu kwamba Mungu hajawahi kumwagiza maji ya kunawa.

Huyohuyo katekista alikuja siku nyingine na jambo zito, kwamba Mwalimu anafundisha watoto wa Kikristo kuwa babu yao ni nyani. Nilikuwepo, nachambua mchele. Mwalimu alimkaribisha kiti, akamwambia nyani ana babu yake na sisi tuna wetu, na hao mababu ukirudi nyuma sana utakuta walitoka kwa mmoja. "Kwa hiyo Katekista, mimi sijakupa babu nyani. Nimekupa binamu." Katekista akanywa chai yake yote, akasema ataliombea. Mashehe wa mjini nao walipomuuliza aliwajibu vilevile, wala hakupunguza.

Msije mkadhani namtengenezea sanamu. Kuna mambo yake yalituudhi. Fimbo alikuwa nayo na aliitumia, sitadanganya. Walimu wengine walitupigisha magoti kwenye changarawe tukichelewa. Yeye hakufanya hivyo hata mara moja, lakini adhabu yake ilikuwa kusimama kipindi kizima, na ukiegemea ukuta unaanza upya. Alikuwa mbishi hata kwenye bei ya nyanya. Alisahihisha Kiswahili cha waombolezaji msibani, jamani, msibani. Na mtu aliyetusifia kutembea kwa miguu miwili alikuwa hawezi kwenda hata dukani bila bodaboda. Ukimkumbusha, anakwambia waliotembea wametosha.

Mume wake alikuwa na mashine ya kusaga pale centa, mpole, mweupe kichwa hadi kope kwa unga. Ndiye aliyeyapatia dawa magoti ya mke wake. Mwalimu akileta maji ya kunawa, mume anasimama. Analeta chakula, mume anasimama anapokea. Kwa hiyo hakuna aliyeshuka, na hakuna aliyeweza kusema mke hakuheshimu, maana mwanamume mwenyewe yuko juu kama mlingoti. Rafiki zake walimcheka miaka yote. Yeye alisema kukaa sana kunampa kichomi.

Lakini ukoo ulikuwa haulali. Kwenye harusi yao Mwalimu aliwasalimia wakwe kwa kusimama, mbele ya kijiji kizima, na kaka mkubwa wa mume alikuwa amealika wenzake wa rika. Ile aibu hakuisahau. Nisimwonee, huyu shemeji si mtu mbaya. Mdogo wake alipofariki, yeye ndiye aliyesimamia mazishi, alileta mahindi, alilia waziwazi. Hakuna hata kijiko alichokitaka ndani ya ile nyumba. Alichotaka ni yale magoti, ayaone kabla hajafa, na kwa kuwa nyumba ilikaa kwenye ardhi ya ukoo, hapo ndipo alipopata pa kushikia.

Ili kuficha aibu ya harusi, ndugu walitangaza kwamba bibi harusi ana magoti mabovu. Mama mkwe aliamini. Alikuwa mwanamke wa zamani, mfupi, mkali, wa kupiga magoti hata akisalimiana na watoto wa jumbe, na kila baada ya mavuno alimletea mkwewe dawa ya mizizi ya kuchua. Mwalimu anapokea, anasema "wabeja, mayu," yaani asante mama, kisha anajichua mgongo. Sijui kwa nini hakumwambia ukweli. Nilimuuliza, akasema dawa ya mtu haikataliwi, kisha akabadilisha mazungumzo.

Mume alipokwisha kuzikwa na arobaini kupita, shemeji akatuma ujumbe. Tulimshauri aende mahakamani, sheria iko upande wake, mjane hatolewi nyumbani kwake hivihivi. Alisema anajua sheria kuliko sisi, na huko atafika, ila kwanza atawajibu usoni. Kwenye kata nako waliambiwa wakae kifamilia kwanza. Nilipiga simu kutoka Isaka kumsihi. Nilimwambia, Mwalimu, ni dakika moja, unashuka, unainuka, unaendelea kulala kwako. Akaniambia goti limehangaika mamilioni ya miaka kujifunza kunyooka, halafu nilikunje kwa ajili ya bati. Nikamjibu kwamba bati ndilo linalozuia mvua. Akakata simu.

Kikao kilifanyika mwaka jana, uani kwake. Nilikwenda, kwa sababu alinitaka nije nipike, na kwa sababu nilitaka, kama vyombo vitatolewa, viwepo na mikono ya kuvibeba. Wanaume walikaa kwenye viti vya plastiki. Wanawake tulikaa mkekani, na mama mkwe katikati yetu, amezeeka mno, hainuki bila kushikwa. Mwalimu alisimama. Alikuwa amekonda. Jambo ambalo wale wazee hawakulijua ni kwamba uzee ulikuwa umemfanyia kweli ule uongo wa harusini: magoti yake sasa yalikuwa yanauma kwelikweli, nimeyaona yamevimba, na asubuhi ile nilikuwa nimemchua mimi mwenyewe kwa mikono hii.

Shemeji alisema yake kwa utulivu. Hataki ugomvi, anataka heshima ya mdogo wake. Wazee wakaguna. Wakazunguka, wakarudi palepale, jua likapanda. Mwishowe mwenyekiti wa kikao, baba mdogo wa marehemu, mzee mwema asiyependa mambo kuharibika, akapata njia. Alisema sisi sote tunajua tangu zamani kwamba Mwalimu ana magoti mabovu. Mgonjwa halazimishwi. Basi tuchukulie kwamba angekuwa mzima angepiga, tuhesabu amepiga, yaishe, nyumba yake akae. Akamgeukia shemeji. Shemeji akafikiri, akatikisa kichwa kukubali.

Weee, nilihema mpaka mkeka ulisikia. Nyumba imepona. Mwalimu hakutakiwa kusema chochote, hata ahsante. Nilinyoosha mkono nikamvuta kanga kwa nyuma, maana namjua.

"Baba, nashukuru," akasema. "Lakini magoti yangu ni mazima."

Akachuchumaa mbele yao, chini kabisa, mikono ameiweka kifuani asishike kitu. Magoti yakalia, sote tuliyasikia. Akakaa pale chini kidogo akiwatazama, kisha akainuka, polepole, midomo ameiuma, mpaka akawa wima. Jasho lilimtoka. Ni uongo pekee niliowahi kumsikia akiusema, na niliupenda nikauchukia.

"Msiseme nimeshindwa," akasema. "Nimekataa."

Mwenyekiti alishika kichwa. Shemeji hakupaza sauti, alibaki kwenye kiti chake akasema basi wote wamesikia, tulimpa mlango amekataa kupita, nyumba ni ya ukoo na mwisho wa mwezi aiache. Nilianza kulia, sioni aibu kusema. Nilikuwa nimeshaanza kupanga kichwani kitanda kitatokea mlango upi.

Mama mkwe akanigusa mkono. "Niinueni," akasema.

Tulidhani anataka kwenda msalani. Tukamshika huku na huku, tukamnyanyua, tukamgeuza kuelekea nyuma ya nyumba. Akakataa. Alituelekeza kwa kidole mpaka tukafika mbele ya kiti cha mwanawe, na hapo akatuondoa mikono, akamshika Mwalimu bega asianguke. Hakumtazama Mwalimu. Kama alikuwa na la kumwambia kuhusu ile mizizi ya miaka yote, hakulisema. Alimtazama mwanawe, akasema kwa Kisukuma, taratibu, kila mtu asikie:

"Wewe nilikuzaa nikiwa nimepiga magoti, tangu jogoo mpaka jua kichwani. Hayo ndiyo yako. Yakutoshe."

Shemeji alikuwa bado amekaa. Mama yake hakusogea, alibaki pale, ameshika bega la Mwalimu. Na kwetu sisi mtu hawezi kukaa kwenye kiti mama yake amesimama mbele yake. Shemeji akavua kofia, akasema, "Yamenitosha, mayu." Akainuka. Nyuma yake wazee nao wakaanza kuinuka, mmoja baada ya mwingine, viti vikilia, mpaka uani pale kwa Mwalimu hakukuwa na mwanamume aliyekaa.